Fungate ya Mke wa Mpiga Picha

Siku walipofika kwenye ile nyumba ya wageni, alimsikia mumewe koridoni akibishana na mwenye nyumba kwa sauti ya chini.

"Chumba chochote, mama. Chochote kile. Lakini si hiki."

"Baba, vingine vyote vina watu. Kama hukitaki, nendeni mkalale stesheni."

Halafu mume akaingia na masanduku, usoni amebandika tabasamu, akasema chumba kizuri sana, kina dirisha.

Huyo bibi harusi aliyekuwa amekaa kitandani na viatu vyake miguuni ni mama yake bibi yangu. Sisi tulikuja kumwita Bibi Mkubwa, na Bibi Mkubwa niliyemjua mimi hakuwa akimwogopa mtu yeyote, hata daktari. Lakini wakati ule hakuwa bibi wala mkubwa. Ilikuwa mwanzoni mwa karne iliyopita, treni bado ni kitu cha watu kwenda kukitazama, na yeye alikuwa msichana mwembamba asiyetulia ambaye kaka yake alimwita Kiroboto. Nami nitamwita hivyo hivyo humu, maana hofu ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Kiroboto.

Aliolewa na mpiga picha wa kuzunguka. Fungate yao ikawa ni safari ya treni, mji hadi mji, bwana harusi akipiga picha za watu njiani ili nauli ipatikane. Kaka mtu alisema huyu haoi, anatafuta wa kumbebea mizigo.

Kaka hakuipenda ndoa ile tangu posa. Yeye alikuwa gadi wa treni, mtu wa bendera na saa ya mfukoni, na vitu alivyovielewa ni vile vinavyokuja na kuondoka mchana kweupe.

"Mtu anajifungia gizani na midawa yake, akitoka ana watu ndani ya vioo," alimwambia dada yake. "Wewe unamjua wa wapi huyo? Kwao unapajua? Maisha yake ya nyuma unayajua?"

"Shangazi anayajua. Si ndiye aliyesimamia maneno yote?"

"Shangazi akishaona suti nyeusi, basi, hana swali tena."

Siku ya harusi, maharusi walipojiandaa kwa picha mbele ya nyumba na kaka kuitwa asimame nao, yeye alikaa pembeni, mikono kifuani. Mimi simo, akasema. Bwana harusi hakukasirika. Alisimika kamera yake juu ya miguu mitatu, akampa shemeji yake puto la mpira lenye bomba refu.

"Kama hutaki kuingia, basi tupige wewe, shemeji. Nikitikisa kichwa, minya."

Kaka akaliminya puto kama anamminya mtu shingo. Picha ya harusi ikapigwa hivyo.

Lakini kabla hawajapanda treni, alimvuta dada yake kando. "Katikati ya safari yenu kuna mji ambao treni yangu husimama kunywa maji. Mimi nitakuwa behewa la mwisho. Ukiniona, wewe sema 'nyumbani' tu. Nakupandisha, sikuulizi kitu."

Kiroboto alicheka. Alikuwa anampenda yule mwanamume. Alimpenda kwa jinsi alivyomtazama, bila haraka, kana kwamba uso wake ni kazi ya mchana mzima. Neno la kaka alilitia moyoni kama mtu anavyotia mwavuli kwenye sanduku wakati wa kiangazi.

Sasa walikuwa kwenye mji huo huo, na Kiroboto hakuwa anacheka tena.

Mume alikuwa amebadilika. Tangu waingie kwenye chumba kile hakutaka mkewe atoke. Maji ya mwenye nyumba hakumruhusu ayaguse. Aliyachemsha mwenyewe kwenye birika lake, akasimama juu yake mpaka ayaone yanatokota. Alfajiri moja Kiroboto alifumbua macho akakuta kiganja cha mumewe kimesimama mbele ya pua yake, kimya, kama kinasubiri kitu.

"Unafanya nini?"

"Hakuna. Lala."

Na kila asubuhi, akitoka, alifunga mlango kwa nje.

"Mbona unanifungia?"

"Wageni wa humu siwajui. Nivumilie, mke wangu. Nakwenda kazini mara moja."

Asubuhi hiyo ninayoisimulia, alisema tena anakwenda kazini. Ufunguo ukazunguka, hatua zake zikapotea koridoni. Kiroboto akageuka, na pale pembeni ya kabati akaiona kamera. Miguu yake mitatu imekunjwa, kitambaa cheusi juu yake, na vumbi limeanza kukaa. Mume alikuwa anakwenda kazini bila kamera, na bila shaka ndivyo alivyokwenda jana na juzi pia.

Alikuwa bado anaitazama, mlango ukafunguliwa. Hakuwa mumewe. Alikuwa mwenye nyumba, mama mnene mwenye mafungu ya funguo kiunoni na mashuka begani.

"Kumbe kakufungia tena," akasema yule mama, akianza kuvua foronya. "Mambo ya watu hayo. Yule mwingine hakuwa akimfungia."

"Mwingine yupi?"

Mikono ya yule mama ikasimama ndani ya foronya.

"Ah. Mimi na mdomo wangu huu."

"Mama, nimekuuliza. Mwingine yupi?"

"Mke wake, mwanangu. Wa kwanza. Ina maana hukuambiwa?"

Kiroboto alikaa kwenye kiti.

"Walikuja kama mlivyokuja nyie," yule mama akaendelea, sasa kwa kunong'ona, na mtu akishaanza kunong'ona jua hataacha mpaka amalize. "Wapya, masanduku haya haya. Chumba hiki, kitanda hicho. Alikuwa na kicheko yule mtoto, unamsikia tangu jikoni. Aliingia humu kwa miguu yake, akatoka amebebwa."

"Alikufa na nini?"

"Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nimekuta maiti na mume amekaa pembeni yake kama gogo. Alisema homa. Tukamwamini, ungefanyaje? Tukazika." Akakung'uta shuka. "Nilishangaa kumwona amerudi. Nikashangaa zaidi kuona amekuja na mwingine."

Alipoondoka aliuacha mlango wazi. Labda alisahau, labda aliona huruma. Bibi Mkubwa alisema hakuwahi kumuuliza.

Sasa tazama akili ya mtu aliyeogopa inavyokwenda. Maji yale yanayochemshwa na mtu mmoja tu. Kiganja kile puani. Mlango. Kamera yenye vumbi. Kila kitu alichokuwa amekiona kama ukali mdogo wa mume mgeni kiligeuka kikawa na meno. Akakumbuka pia kile kijisanduku. Sanduku la vioo vya kazi mume alimwachia alibebe, alipange, alipanguse. Kijisanduku kimoja tu, cha mbao, kilichokaa chini ya mashati, alimwambia asikiguse.

Akakifungua.

Ndani, juu ya kitambaa laini, kilikuwepo kioo kimoja. Kiroboto hakuwahi kuona kioo cha picha kabla hakijageuzwa kuwa picha ya karatasi. Vyote alivyobeba vilikuwa vimefungwa kwenye bahasha. Akakinyanyua, akakielekeza dirishani.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti. Amevaa gauni jeusi la msiba kutoka shingoni hadi vidoleni, na kitambaa cheusi kichwani kilichomwagika mpaka chini. Uso wake ulikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Nywele nyeupe. Macho yake yalikuwa meusi yote, ila katikati nukta nyeupe, na yalikuwa yanamtazama yeye. Nyuma ya mwanamke, mkono begani kwake, alisimama mwanamume aliyevaa nguo nyeupe pe, kama sanda. Uso haukueleweka, lakini ule usimamaji, bega moja chini kidogo, aliujua. Alilala karibu na bega lile.

Kampiga picha akiwa amekufa, akawaza. Kamkalisha kwenye kiti, kampiga picha.

Hapo hapo, mbali, treni ikapiga honi. Kiroboto akashtuka, kioo kikamponyoka, kikagonga ukingo wa kijisanduku. Hakikutawanyika. Kilipasuka mstari mmoja tu, juu hadi chini.

Hakungoja. Alikizungushia kitambaa chake cha kichwa, akakikumbatia, akatoka mbio. Kichwa wazi, sanduku hana. Watu barabarani walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyepata habari mbaya.

Treni ilikuwa imesimama, kichwa chake kinakunywa maji kwa kelele. Kaka alikuwa amesimama kando ya behewa la mwisho, koti lake jeusi la kazi limefungwa vifungo vyote, anakula muhogo wa kuchemsha.

"Kiroboto?" Akautupa muhogo. "Umefanywa nini?"

Neno lilikataa kutoka. Alilitafuta, "nyumbani", neno ambalo hata mtoto analisema, akalikosa. Badala yake akafungua kitambaa.

"Alikuwa na mke, kaka. Kafia chumba kile kile tunacholala. Ananifungia mlango. Tazama. Huyu hapa."

Kaka akakishika kioo, akakiinua kwenye anga. Yeye naye, pamoja na ndevu zake zote na bendera zake, hakuwahi kuona kitu kama kile.

"Panda," akasema. "Usigeuke nyuma. Panda."

Kiroboto aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa. Ndipo akasikia jina lake likiitwa.

Mume alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa nyuma wa stesheni. Hana koti. Magoti ya suruali yamechafuka. Na mikono yake, mpaka kwenye viwiko, ilikuwa na udongo mbichi.

Kaka akasimama katikati.

"Hapo hapo. Usisogee. Mikono yako ina nini?"

"Udongo."

"Naona. Wa wapi?"

Yule mwanamume alihema. Akamtazama mkewe, mguu wake pale kwenye ngazi.

"Wa kaburini," akasema.

Bibi Mkubwa alituambia kwamba hapo masikio yake yaliziba kabisa. Aliwaona watu wanatembea na hasikii kitu.

"Kaburi la nani?" kaka akauliza.

"La mke wangu. Kila asubuhi nakwenda. Limeota majani, upande mmoja limetitia, nilikuwa nalitengeneza. Nilitaka nimalize kwanza, lipendeze, ndipo nimpeleke huyu akamwone. Nimerudi chumbani sasa hivi nimekuta mlango wazi, kitanda kitupu..." Akajifuta uso kwa mkono ule wenye udongo. "Kitanda kitupu. Nikadhani yamenikuta tena."

"Akamwone!" Kaka alicheka bila furaha. "Umwoneshe mtu kaburi la mke ambaye hukumwambia kama alikuwepo?"

"Sikumwambiaje? Nilimwambia Shangazi siku ya kwanza ya posa. Yote. Akasema, niachie mimi, mambo haya anaambiwa mwanamke na mwanamke mwenzake. Akaniambia ameshamweleza, na ameridhika." Akamgeukia Kiroboto. "Hukuambiwa?"

Kiroboto akatikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Aliniambia utanipeleka kutembea."

Mume alifunga macho. "Na mimi kila siku najiambia, mke gani huyu, mwenye moyo hivi, haniulizi hata jina lake. Nikadhani unanihurumia."

Ningekuwa mimi ndiye kaka, hapo ningelegea. Yeye hakulegea. Alikisukuma kile kioo mbele.

"Na huyu? Maiti uliyemkalisha kwenye kiti?"

Mpiga picha akakipokea, akaona ufa, uso wake ukaanguka. Kisha akaelewa alichoulizwa. Akamtazama kaka, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu wafike mji ule kitu kama kicheko kilimpita mdomoni.

"Shemeji, simama hivi. Lielekee jua."

"Usinipangie pa kusimama."

"Tafadhali."

Kaka akasimama. Mpiga picha akakilaza kile kioo kwenye kifua cha lile koti jeusi la gadi, akakiinamisha kidogo, tena kidogo.

"Mke wangu, njoo. Tazamia hapa, ubavuni."

Kiroboto aliuondoa mguu kwenye ngazi. Alikuja taratibu, nusu amejiandaa kukimbia. Akainama. Na juu ya kile kitambaa cheusi picha ikapinduka. Gauni la msiba likawa jeupe. Kitambaa cha kichwani kikawa shela. Ule uso wa chokaa ukaingia rangi, macho yakapata weupe wake, na mwanamke aliyekaa kwenye kiti akawa ni yeye, Kiroboto, siku ya harusi yake, amebana midomo asicheke. Nyuma yake mumewe, ile sanda imekuwa suti nyeusi.

Kaka naye alikuwa anapinda shingo atazame kifua chake mwenyewe.

"Kile kiti cha baba," akasema polepole.

"Ndicho. Kwenye kioo cheupe huwa cheusi, na cheusi huwa cheupe. Na aliyepiga ni wewe, shemeji. Ulisahau?"

Gadi akakohoa.

Kichwa cha treni kilikuwa kimeshiba maji. Honi ikalia. Watu wakaanza kupanda, milango ikagongwa mmoja baada ya mwingine.

"Kiroboto," kaka akasema, safari hii kwa upole. "Kioo kimeeleweka. Lakini aliyekufa ni kweli amekufa, na mlango ni kweli anakufungia. Mimi neno langu liko pale pale. Sema, nikupandishe."

Hofu haikuwa imeondoka, mtu asikudanganye. Ilikuwa imehama tu. Kiroboto alimtazama mumewe, ile mikono yenye udongo.

"Kwa nini kiganja?" akauliza. "Alfajiri ile."

"Nilikuwa napima kama unapumua. Yule nilimwacha anacheka. Anaumwa kichwa kidogo tu, akasema nenda, usipoteze kazi. Nilikuwa nampiga picha mkuu wa stesheni na watoto wake. Mmoja hakutulia, nikarudia mara nyingi. Nilichelewa." Akatazama mikono yake. "Siku hizi nikiwa chumbani naogopa utakufa, nikitoka naogopa zaidi. Nafunga mlango bila kujua namfungia nani nje."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa na kicheko."

"Hilo nimeambiwa. Sura. Alikuwaje sura?"

Akainua mkono kama anayechora uso hewani. Akaushusha. Kaka alitazama pembeni, maana alikuwa mtu mzima na aliona anachokiona.

"Inanitoka," mpiga picha akasema. "Nimewapiga watu wote wa njia hii, yeye sikumpiga hata mara moja. Nilimwambia tungoje, mwanga wa nyumbani ni mzuri zaidi. Ndiyo maana hiki nakificha. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya mtu wangu."

Honi ikalia tena, ndefu, ya kukasirika. Kaka alikuwa na bendera mbili zilizokunjwa kwapani, nyekundu na kijani. Akazitoa zote mbili, akangoja.

Kiroboto akanyoosha mkono kwa mumewe, kiganja juu.

"Nipe ufunguo."

Akautoa mfukoni, akampa, pamoja na udongo wake. Kiroboto akaufunga ndani ya ngumi.

"Kijani, kaka," akasema.

Kaka akamtazama sana. Halafu akapanda ngazi ya behewa lake, akaifungua bendera ya kijani, akaipunga.

"Na nyumbani niseme nini?" akauliza treni ikianza kuvuta.

"Mwambie Shangazi nikirudi nina maneno naye."

"Hilo nitalisema vizuri kabisa."

Treni ikaondoka. Walibaki wawili kwenye stesheni tupu, hawajui waanzie wapi. Kiroboto bado alikuwa anaogopa, na aliona aibu kwa kuogopa, na hakumwachia mtu yeyote ule ufunguo.

"Nipeleke nikamsalimie," akasema. "Twende kabla jua halijawa kali."

Ile picha ipo mpaka leo, ukutani kwa bibi yangu. Imechapwa kutoka kwenye kioo kile kile, na mstari mweusi unapita katikati ya bibi harusi na bwana harusi, juu hadi chini. Babu, yaani yule mpiga picha, aliomba mara nyingi wapige nyingine. Bibi Mkubwa alikataa, akasema hii ndiyo aliyokimbia nayo. Wageni huuliza kama waliachana. Hawakuachana.

Pembeni yake ipo fremu nyingine, ya ukubwa ule ule, mbao ile ile, kioo safi kinachopanguswa kila wiki. Ndani yake hamna kitu. Nilipokuwa mdogo nilikata ua kwenye gazeti nikataka kulitia humo, nikachapwa kibao cha mkono, mimi ambaye Bibi Mkubwa hakuwahi kunichapa.

"Toa vyako," akaniambia. "Hapo pana mtu."

"Nani, Bibi? Mbona haonekani?"

Akaichukua ile fremu, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake, akairudisha ukutani, akahakikisha imenyooka.

"Mke mwenzangu," akasema.